Wiki Ishirini

London, kusini mwa mto. Mama aliyenikaribisha ni mzaliwa wa Tanga. Mwanawe wa miaka saba ana usonji: hasemi, ila anaimba kutwa. Ukutani jikoni kuna kalenda, na tarehe moja imezungushiwa wino mwekundu. "Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya halmashauri," akaniambia huku akimmenyea mtoto chungwa. "Ikipita bila barua, naandika mimi."

Nikamwomba anieleze taratibu. Kwa sheria ya watoto na familia ya 2014, mzazi wa England anaweza kuiomba halmashauri yake itathmini mahitaji ya mtoto. Ndani ya wiki 6 lazima ajibiwe kama tathmini itafanyika. Ikikubaliwa, mpango kamili unatakiwa utoke ndani ya wiki 20 tangu siku alipoomba. Unaunganisha elimu, afya na ustawi wa jamii katika hati moja, na unaweza kumfuata mwenyewe hadi umri wa miaka 25. Akinyimwa, kuna baraza la rufaa, na wazazi wanaofika huko hadi uamuzi kutolewa hushinda mara nyingi mno.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mpango huo haumsubiri daktari aitaje hali ya mtoto. Unaangalia anachohitaji. Ni jambo la maana, kwa sababu foleni ya kupimwa usonji kule ni ndefu ya kutisha. Miongozo ya afya inataka upimaji uanze ndani ya miezi 3 tangu mtu aandikiwe rufaa, lakini wanaosubiri England wamepita laki mbili. Na hizo wiki 20 zenyewe? Kwa mwaka 2023, ni kama nusu tu ya mipango iliyotoka ndani ya muda.

Kwa hiyo sikwenda London kutazama pepo. Nchi ile ilikuwa na shirika la wazazi la usonji tangu 1962, na tangu 2009 ina sheria mahususi kwa watu wazima wenye usonji, iliyopelekwa bungeni na Cheryl Gillan. Bado mwenyeji wangu ana faili nene kama msahafu, na usiku, mtoto akishalala, anajifunza sheria kwenye simu. Anajua Kiingereza cha ofisini. Jirani yake, mama wa Kisomali, hakijui, na kalenda yake haina wino.

Nairobi. Hapa mazungumzo yote huanza na kadi ya ulemavu. Mzazi humpeleka mtoto hospitali ya serikali, jopo la wataalamu likajaza fomu, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu likamsajili. Bila kadi milango mingi haifunguki. Shida ni kwamba usonji hauonekani kwa macho. Mtoto anaingia ofisini kwa miguu yake, amevaa vizuri, anakimbia kuliko mwenzake, na mlinzi wa mlangoni anamwambia mama ajipange foleni kama watu wengine. Mtoto akiziba masikio na kulia kwa sababu ya kelele, foleni nzima inageuka kumtazama mama. "Wanasema sijamfunza adabu," mmoja wao aliniambia tukiwa ndani ya matatu ya kuelekea Kasarani, iliko taasisi ya elimu maalumu, KISE, inayofunza walimu na kuwapima watoto.

Kenya ina misingi ambayo watu wake wenyewe huidharau. Vituo vya kupima watoto na kushauri kuhusu shule vilianza 1984. Shule ya msingi ya City, jijini, ina kitengo cha usonji ndani ya shule ya kawaida ya umma, kilichosukumwa na wazazi. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Mpango wa Inua Jamii nao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Yule mama wa matatu alizipigia hesabu kwa vidole: nauli, nepi, basi. Mtaalamu wa matamshi hakuingia kwenye hesabu kabisa.

Dar es Salaam, nyumbani. Elimu ya msingi haina ada, na shule ya msingi ya Msimbazi Mseto, Ilala, ni jina ambalo mzazi mwenye mtoto wa aina hii hulisikia mapema. Walimu wa elimu maalumu hufundwa Patandi, Arusha. Sheria ya watu wenye ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataja haki ya elimu, afya na utengamao. Nimeisoma nikiwa na ile kalenda ya London kichwani, nikitafuta siku ambayo mama wa Mbagala anaweza kuizungushia wino. Sikuiona. Kuna wajibu mwingi, lakini hakuna tarehe. Halmashauri zetu hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba, jambo zuri kwa fundi viatu au mshona nguo. Mtoto wa miaka minne asiyesema atakopa afanye biashara gani?

Nikiwasimulia wenzangu habari za wiki 20, hujibu haraka: wale wana fedha. Kweli wanazo. Lakini fedha ndizo zinazowachelewesha hata wao, na tarehe hiyo hiyo wanayoivunja ndiyo inayompa mama wa Tanga pa kushika. Asiyepewa tarehe hana cha kulalamikia. Ataambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haina mwisho.

Wengine hunijibu kwamba sisi tuna undugu. Hapo siwabishii moja kwa moja. Mwenyeji wangu wa London hana wa kumwachia mtoto hata saa moja aende saluni, ilhali kwa familia moja ya Mbagala bibi yupo, shangazi yupo, na watoto wa jirani wamezoea kumrudisha mtoto akipotea. Ila bibi huyohuyo ndiye aliyempeleka kwa mganga mara ya kwanza, na ana miaka sabini na moja. Mjukuu ana tisa.

Niliwauliza wazazi wa miji yote mitatu swali moja: akifika miaka thelathini? Wa London alitaja sheria ya 2009, akaongeza kwamba huduma za watu wazima ni haba kuliko za watoto. Wa Nairobi alisema amenunua kiploti Kitengela, pengine atajenga vyumba vya kupangisha kwa jina la mtoto. Wa Dar es Salaam aliniuliza kama kule nilikokwenda serikali hubaki na mtoto mzazi akifa, na kama naweza kumwandikia jina la hiyo sheria.