Stima Ikipotea, Maji Yanaenda Wapi?

Anayeandika programu hujifunza mapema kuuliza: hiki kitu kikizimika katikati ya kazi, nini kitatokea? Ukifuga samaki wa baharini huku Kiganjo, Thika, swali ni hilo hilo, ila jibu lake linaweza kulowesha sebule.

Kwa asiyejua, sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya lile kubwa. Maji hufurika juu, huteremka kwa bomba, huchujwa, kisha pampu huyarudisha. Stima ikipotea pampu husimama, lakini maji huendelea kuteremka. Na kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama, bomba hilo nalo huyanyonya kinyumenyume.

Hebu tupige hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 45 likishuka sentimita 3 tu, hizo ni lita 16.2. Kwenye sampu ya 75 kwa 35, maji yatapanda sentimita 6 na kidogo. Acha nafasi hiyo tupu siku zote, na uongeze ya maji yaliyomo kwenye mabomba. Halafu toboa tundu kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya usawa wa maji. Maji yakishuka, tundu litavuta hewa na unyonyaji utakatika. Lisafishe mara kwa mara. Vali ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake, maana chumvi na uchafu huifanya isifunge vizuri.

Sasa refujiamu. Ni chumba cha mwani ndani ya sampu, mara nyingi Chaetomorpha, unaofanana na waya wa kusugulia sufuria. Ukikua hunyonya naitreti na fosfeti. Ukiuvuna, unatoa uchafu huo nje. Taa yake huwashwa usiku, tangi kubwa likiwa gizani, ili pH isishuke sana.

Lakini gizani mwani nao hutumia oksijeni, na pampu zikisimama oksijeni ndiyo huwahi kupungua. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo, nunua kwanza pampu ya hewa ya betri, mwani baadaye. Samaki aliyetolewa kwenye matumbawe ya Pwani hana njia ya kurudi, anakutegemea wewe.

Mwisho, usingoje mvua ikufanyie majaribio. Jumamosi moja ukiwa nyumbani, zima swichi mwenyewe, simama hapo, utazame sampu ikijaa mpaka maji yatulie.