Kiondo Kisichokuwa na Ndani

Kiondo cha kwanza nilichokitengeneza hakikuwa na ndani. Kilikuwa na jina, uzito na bei ya soko la Gikomba, na mchezaji aliyekishika aliruhusiwa kubeba vitu 20 badala ya 10. Basi. Nilijiona fundi.

Ilikuwa 2004. Tulikuwa vijana watatu wa Jericho, Eastlands ya Nairobi, tukikesha kwenye saiba moja ya Buruburu, hatua chache kutoka Mumias South Road. Kompyuta saba, zote zimeunganishwa kwa waya. Mchana mwenye saiba alitoza shilingi moja kwa dakika. Usiku aliteremsha mlango wa chuma, akatuachia mashine kwa masharti mawili: tufagie, na tusiguse modemu. Intaneti ya wakati huo ilikuwa ghali na ya mwendo wa kobe, lakini sisi hatukuihitaji. Mchezo wetu ulikuwa wa maandishi matupu. Unaandika "enda gikomba", seva inakujibu kwa sentensi mbili tatu: uko wapi, nani yupo, nini kimelala chini.

Mchezo wa aina hii haukuzaliwa Eastlands. Wa kwanza, MUD, ulianzishwa 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, akisaidiana na Richard Bartle. Mwaka 1991 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakatoa DikuMUD, na programu yake ikasambaa kwa sababu yeyote aliweza kuisoma na kuirekebisha. Sisi tulikuwa na nakala yake kwenye sidii iliyokwaruzwa, lakini kwa kiburi cha ujana tukaamua kuandika yetu kuanzia mwanzo. Majumba ya wafalme tukayatupa. Mahali pake tukaweka Mutindwa, Makongeni, Jogoo Road na steji ya 58. Amri za kaskazini na kusini nazo zilikufa mapema. Hakuna mtu wa Eastlands anayekuelekeza dukani kwa kaskazini.

Aliyekibomoa kiondo changu alikuwa binamu yangu wa Makongeni, ambaye hakujua programu ila alijua matatu. Aliandika "iba kiondo", akafaulu, akafungua kuangalia alichopata. Hakupata kitu. Mwenye kiondo, aliyekuwa kwenye mashine ya pili, akabaki amesimama na vitu vyake 20, vimeelea hewani bila mfuko.

"Sasa hapa nimeiba nini?" akaniuliza. "Nimeiba nambari?"

Alikuwa ameiba nambari hasa. Kama umewahi kupokonywa mkoba pale Gikomba unajua kwamba mkoba hauendi peke yake. Unaenda na kitambulisho, na funguo, na ile shilingi 50 ya kurudi nyumbani. Kiondo changu kilikuwa ruhusa tu ya kubeba zaidi.

Ndipo nikashusha kiburi, nikaifungua programu ya wale wanafunzi wa Copenhagen. Nilichokikuta kilikuwa rahisi hadi nikaona aibu. Kila kitu mle kinakumbuka kilipo: kimebebwa na nani, au kiko chumba gani, au kiko ndani ya kitu gani. Nacho chombo hakibebi orodha yoyote ndefu. Kinamshika mkono mwana wake wa kwanza. Huyo anamshika wa pili. Wa pili wa tatu, kama watoto wa nasari wanaovushwa Jogoo Road. Ukitaka kujua kilichomo, unafuata mikono mpaka umfikie asiyeshika mtu. Ukikiiba chombo, mnyororo wote unakufuata.

Nikaandika upya usiku mmoja. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeelewa kwamba chumba, mchezaji na kiondo ni kitu kimoja katika programu: mahali. Jambo hilo mtoto wa Jericho hakupaswa kufundishwa na mtu wa Copenhagen. Nyumbani kwetu, vyumba viwili vya halmashauri ya jiji, hakuna kilichokuwa wazi. Vikombe vya wageni vilikuwa ndani ya gazeti, gazeti ndani ya sufuria, sufuria ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda. Mama akikuambia "leta vikombe", unashuka ngazi nne bila kuondoka chumbani.

Lakini vitu vikishaweza kuingia ndani ya vitu, matatizo nayo huingia. Programu yetu ya kutafuta ilichungulia hadi ndani ya masanduku, kwa hiyo mchezaji aliweza kutaja kiondo kilichomo sandukuni bila kukitoa. Mmoja akaandika "weka sanduku kiondoni". Seva ikatii. Ikaanza kurekebisha uzito: kiondo kimekuwa kizito, basi na kilichokibeba kizidi, nacho ni sanduku, sanduku limekuwa zito, basi na kilicholibeba kizidi, nacho ni kiondo. Skrini zote saba zikanyamaza. Tulipoizima kwa nguvu na kuiwasha tena, sanduku na kiondo havikuonekana tena popote, kwa kuwa havikuwa popote: kila kimoja kilikuwa ndani ya mwenzake. Dawa yake ni mistari mitano hivi. Kabla ya kuweka kitu, panda juu kutoka kwenye chombo ukiuliza kila hatua "wewe umebebwa na nani?" mpaka ufike chumbani; ukikutana njiani na kile kile unachotaka kukiweka, kataa. Jibu la seva tuliliandika kwa furaha: "Sanduku halijimezi."

Stima ilitufundisha zaidi. Seva ilihifadhi mali ya mchezaji anapotoka mchezoni, na masanduku ya vyumbani kila baada ya dakika kumi. Ukiingia na paketi ya unga, ukaitia sandukuni, ukangoja sanduku lihifadhiwe, kisha stima ipotee kabla hujatoka, basi seva ikiamka unga uko sandukuni na uko mkononi pia. Kwa wiki kadhaa hatukujua. Tulichokiona ni kwamba Mutindwa ya mchezoni imejaa unga mpaka bei imeporomoka. Buruburu ikiingia giza, sisi tulilaani, na vijana wawili pale pembeni walishangilia. Baadaye nilisikia kwamba mmoja wao alikuwa ameanza kuizima swichi kubwa ya ukutani yeye mwenyewe. Tukaacha kuhifadhi mkono na sanduku kila kimoja kivyake. Kila kitu kilipohama, tuliandika dunia nzima katika faili jipya kando, na likikamilika ndipo tukalipa jina la lile la zamani. Giza likiingia katikati, la zamani bado lipo, halijaguswa.

Kuna shida ambayo wale wa Copenhagen hawakuwa nayo. Programu yao inatofautisha kufunga mfuniko na kufunga kwa ufunguo, kwa kuwa lugha yao ya mchezo ina vitenzi viwili. Sisi tunacho kimoja, "funga", na mchezaji aliyeandika "funga sanduku" hakujua amefanya lipi. Tukaongeza "tia kufuli". Kisha ngeli! Kiondo ni kitupu, mfuko ni mtupu, sanduku ni tupu. Ilibidi kila kitu kibebe ngeli yake pamoja na uzito wake, ili seva iseme "ufunguo umo kiondoni" na "viazi vimo guniani". Nilijivunia ile "-mo" kuliko kazi yote. Binamu yangu aliisoma, akageuka: "Hii seva imesomea Mombasa?" Yeye angesema "iko ndani", na wachezaji wengine wote vilevile. Sikuibadilisha.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya kufuli. Kwa DikuMUD huwezi kutia kufuli bila ufunguo. Mwenzetu aliyesoma shule ya bweni akakataa katakata. Sanduku lake la shule lilitoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, na kufuli yake, kama kufuli zote za kwetu, uliibana tu kwa kidole ikalia "ta". Kidato cha kwanza aliibana ufunguo ukiwa ndani, chini ya shuka, akalala wiki nzima na sare moja. Tulifuata Kamukunji. Tangu hapo mchezoni kwetu ungeweza kujifungia mali yako mwenyewe, na watu walijifungia.

Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa 2009, bei za intaneti zikashuka, watu wakahamia kwenye simu zao, na saiba ikageuzwa duka la vipuri. Sikuhuzunika sana, tulikuwa tumeshaanza kutafuta kazi.

Juzi nimelipata lile faili la dunia yetu kwenye diski ya zamani. Linasomeka bila shida, maana ni maandishi tu. Nikamtafuta mchezaji wangu, nikakuta yuko Jericho, mikono mitupu, na sanduku lake limetiwa kufuli. Nikafuata mikono mmoja baada ya mwingine: paketi nne za unga, ambazo naamini ni moja, sufuria, majuala mawili meusi, ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 haikuyafikia humo, kiondo, na ndani ya kiondo, ufunguo.