Asiyekuwapo na Lake Halipo: Makala, Jarida na Jina la Malenga

Malenga wa Kiswahili hulelewa katika desturi ya kuacha jina lake ndani ya shairi. Afikapo kaditama hujitaja kwa jina alilopewa na wazazi au kwa lakabu aliyojichagulia, na mara nyingi huongeza mji au kitongoji anakokaa. Tenzi nyingi za kale zina ubeti wa namna hiyo. Kurasa za mashairi za magazeti yetu nazo zimeiendeleza desturi hiyo, hata chini ya shairi ukakuta lakabu, jina kamili na sanduku la posta la mtunzi. Jarida la kitaaluma hudai kinyume chake. Kabla makala haijasomwa, mwandishi hutakiwa kujifuta ndani yake, asionekane popote.

Nimekaa kati ya desturi hizi mbili kwa muda wa karibu miaka miwili, tangu nilipopeleka makala yangu ya kwanza katika jarida moja la fasihi. Napenda kuwaeleza malenga wenzangu niliyoyaona humo, kwa sababu kadhaa wenu mmeniuliza kama mlango ule uko wazi kwa mtu asiyefundisha chuo kikuu. Jibu fupi ni kwamba uko wazi. Jibu refu linahitaji maelezo, kwa kuwa baada ya kuingia nililazimika kutetea jambo ambalo sikulitarajia.

Naishi Zegereni, Kibaha, mahali ambapo watu wengi hupajua kwa sababu ya eneo la viwanda. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari na nina shahada moja tu. Kwa msomaji wa mashairi, hata hivyo, Kibaha na jirani yake Kisarawe ni anwani za watunzi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya vipande vya magazeti vyenye mashairi ya watu wa huku, na makala yangu ilihusu lakabu zao. Kwa nini mtunzi anajiita hivi na si vile? Kwa nini anaona ni lazima ataje kijiji chake? Lakabu hiyo inafanya kazi gani pale malumbano yanapoanza?

Hoja yangu ilikuwa kwamba lakabu na anwani si pambo. Katika malumbano, mtunzi aliyevunja mizani au aliyepotosha jambo alijibiwa baada ya siku chache na mwenzake, kwa bahari ileile na pengine kwa vina vilevile, huku akitajwa kwa jina mbele ya wasomaji wote. Aliyetajwa alipaswa kujibu au kukubali kushindwa. Hiyo ilikuwa tathmini ya kazi ya sanaa iliyofanywa na wenye sanaa wenyewe, hadharani, na jina ndilo lililoibeba dhamana. Shairi lisilo na jina halikuwa na wa kujibiwa.

Sasa linganisheni na utaratibu wa jarida. Mwandishi husoma kwanza mwongozo wa waandishi. Humo huelezwa urefu wa makala, namna ya kuandika ikisiri, ambayo mara nyingi hutakiwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na namna ya kupanga marejeleo. Jina lake na mahali anapofanya kazi huwekwa katika ukurasa wa peke yake. Ndani ya makala haruhusiwi kuandika maneno yatakayomfichua, kama vile kurejelea kazi yake ya awali kwa kusema ni yake. Mhariri akiona kwamba mada inalifaa jarida, huipeleka makala kwa wataalamu, kwa kawaida wawili, wasiomjua mwandishi wala mwandishi asiowajua. Baada ya miezi kadhaa majibu hurudi: imekubaliwa, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana, au imekataliwa. Yangu ilikaa miezi saba, ikarudi na agizo la kurekebishwa sana.

Naanza kwa kuusifu utaratibu huo, maana unastahili. Sisi ni watu wa heshima na vyeo. Mzee akisema, kijana hunyamaza. Mwenye cheo akianza hoja, huaminiwa kabla hajaimaliza. Makala isiyo na jina huikata kamba hiyo. Wale wawili waliosoma kazi yangu hawakujua kama imeandikwa na profesa aliyezeeka katika taaluma au na mwalimu anayeandika usiku pembeni ya rundo la madaftari ya wanafunzi. Walichokuwa nacho mkononi ni hoja na ushahidi. Mtu wa Zegereni alipimwa kwa kipimo kilekile cha mtu wa chuo kikuu, na mwenye kiu ya haki katika taaluma hana zaidi la kuomba.

Msomaji wa kwanza alikuwa mkali, na ukali wake ulinifaa. Alisema hoja ipo lakini ushahidi hauwezi kufuatiliwa. Kila shairi nililolitumia, aliandika, litajwe pamoja na gazeti, tarehe na ukurasa, ili mtu mwingine aweze kulitafuta na kulisoma mwenyewe. Vipande vingi nilivyopewa na wazee vilikuwa vimekatwa kingo zote, shairi likabaki peke yake kama jani lisilo na mti. Nikatumia likizo mbili kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, kufunua magazeti ya zamani. Mashairi niliyoyapata niliyawekea tarehe. Nisiyoyapata niliyaondoa, hata yale niliyoyapenda mno. Makala ilipungua urefu ikazidi uzito.

Msomaji wa pili alikuwa mpole, na ndiye aliyenikosesha usingizi. Aliisifu kazi, kisha akataka jambo moja: malenga watatu walio hai, ambao niliwahoji kuhusu lakabu zao, wasitajwe kwa majina. Waitwe Mtoa Taarifa wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Lakabu zao nazo zibadilishwe, kwa kuwa zingewafichua.

Asidhani mtu kwamba agizo hilo lilitoka hewani. Kanuni ya kuficha majina ya watu wanaohojiwa ina sababu njema. Mgonjwa anayeeleza maradhi yake, mfanyakazi anayesema juu ya mwajiri wake, mwanamke anayesimulia yaliyompata nyumbani, wote hao wanahitaji kulindwa. Mtafiti akiwaanika, huondoka na cheo chake na kuwaachia wao madhara. Kanuni hiyo imezuia maovu mengi, nami siombi ifutwe.

Lakini malenga anayeeleza shairi lake si mtoa taarifa kwa maana hiyo. Ni mwandishi, sawa na mimi niliyemhoji, na kwa kweli ni mwandishi kabla yangu. Jina langu lilifichwa kwa muda, hadi hukumu itolewe. Makala ikichapishwa, nitaonekana juu kabisa ya ukurasa. Majina yao yangefichwa daima. Tena katika makala yangu hasa, iliyodai kwamba jina ndiyo dhamana ya shairi, kuyafuta majina kungekuwa sawa na kuvunja nyumba ili kuichora ramani yake.

Sisi wa Pwani tuna mfano wa karibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akaenda Berlin kufundisha Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi yake, pamoja na ya Waswahili wengine, ndiyo yaliyojenga Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903. Kwa muda mrefu kitabu hicho kilijulikana kwa jina la Carl Velten aliyeyakusanya na kuyahariri. Mwaka 1981 ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, jina la Mtoro liliwekwa katika anwani yenyewe ya kitabu. Kati ya 1903 na 1981 ni miaka 78, na Mtoro alikwisha kufariki Berlin mwaka 1927. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mtoro alikuwapo, kalamu mkononi, na bado lake lilichelewa kiasi hicho.

Tutazame pia waliotajwa ipasavyo, tuone taaluma ilivyofaidika. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa mtu wa shahada, lakini wanazuoni walimwendea na kumnukuu kwa jina. Leo tukitumia neno runinga tunaweza kusema linahusishwa na nani. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, naye hakupita katika madarasa ya vyuo, na diwani yake ya Kimbunga ya mwaka 1994 ikasomwa na kujadiliwa na wasomi kama kazi ya mtu mwenye jina, kisiwa na maisha yake. Jaribuni kufikiri makala kuhusu Kimbunga ambayo ndani yake mtunzi anaitwa Mtoa Taarifa wa Kwanza. Mwanafunzi wa kesho angejuaje pa kuanzia?

Sikutaka kuwasemea wazee kwa hoja zangu mwenyewe. Niliwaendea mmoja mmoja, nikawaeleza agizo lilivyo na sababu zake. Wa kwanza, anayekaa upande wa Kisarawe, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi nimejibiwa magazetini kwa jina langu, nikatukanwa kwa jina langu, nikasifiwa kwa jina langu. Leo nikiwa mzee ndiyo mnanificha?" Wa pili alicheka, akaniandikia idhini yake papo hapo kwa beti mbili, ya mwisho ikiwa na lakabu yake. Wa tatu alinishangaza. Aliomba asitajwe. Miaka iliyopita aliwahi kutunga shairi lililomchoma mkubwa mmoja wa eneo lake kwa mafumbo, na ingawa mambo yale yamepoa, anaishi miongoni mwa watu walewale. "Mwenye kuelewa alikwisha kuelewa," alisema. "Usimwelewesha asiyeelewa."

Hapo ndipo nilipoipata hoja yangu kwa ukamilifu, nami nawashukuru wote watatu. Jina ni mali ya mwenye jina. Kanuni inayolificha bila kumuuliza humdhulumu, na shauku yangu ya kulitangaza bila kumuuliza ingemdhulumu vilevile. Kwa sababu hiyohiyo siwataji hapa: idhini waliyonipa ni ya makala ile, na idhini haihamishwi kama kiti.

Nikamwandikia mhariri. Nilijibu maoni ya wasomaji wote wawili, moja baada ya jingine, kwa namba. Niliyoyakubali nilieleza nilivyoyatekeleza. Nilipofika kwenye majina, nilieleza kwa adabu kwa nini sikubali, nikaambatanisha idhini zilizotiwa saini, nikasema kwamba malenga wawili watatajwa kama waandishi wa kazi zao, na wa tatu atafichwa kwa ombi lake. Baada ya wiki tano jibu lilikuja. Mhariri alikubali, na msomaji wa pili aliandika kwamba ameridhika na maelezo. Sijui ni nani, wala sitajua, lakini namheshimu. Alisoma hoja iliyompinga na kuikubali bila kujua cheo cha aliyeiandika.

Kwa hiyo, malenga wenzangu, msiuogope mlango huo. Jarida la Kiswahili lina mizizi katika Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, na leo linatolewa na TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Mulika. Chuo hicho pia kina Kioo cha Lugha. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, husomwa bure mtandaoni. Kabla ya kupeleka kazi, someni matoleo mawili matatu ya jarida mlilolichagua, mjue linapenda hoja za namna gani. Jihadharini na majarida yanayowaandikia bila kuombwa, yakawasifu kupita kiasi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache mradi mlipe. Tathmini ya kweli huchukua muda, na huuma.

Mkiandika kuhusu mtunzi aliye hai, muulizeni anataka kuitwaje, na jibu lake mlipate kwa maandishi kabla hamjaandika ukurasa wa kwanza. Na kwa ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe mlio na vipande vya mashairi katika masanduku ya nguo au kati ya kurasa za misahafu na Biblia, naomba jambo moja dogo. Vitoeni leo. Nyuma ya kila kipande andikeni kwa kalamu jina la gazeti, tarehe yake kama mnaikumbuka, na jina la aliyetunga. Mtafiti atakayekuja baada yetu huenda asiwakute wazee hawa, naye atahitaji kujua amnukuu nani.