Mama na Kidude cha Joto Ukutani

Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa familia unazungumzia kidude cha kuamuru joto la nyumba, ilhali wewe na mimi tunaishi katika nchi ambayo jioni mtu hutoa kiti nje akatafuta upepo. Hata hivyo wengi wetu tunao kaka, dada au watoto walioko Marekani, Kanada na Ulaya, na siku hizi si jambo geni mama mzazi kupandishwa ndege kwenda kulea mjukuu kwa miezi sita. Ikiwa katika ukoo wako yuko mama wa namna hiyo, au anafunga mizigo hivi sasa, ningekuomba uyasome haya, maana yalimpata wangu.

Mama yetu alikwenda Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya kaka yangu na mkewe kupata mtoto wa kwanza. Mimi nilipata likizo nikamfuata Januari 2019. Wenyeji wenyewe walikuwa wakilalamika mwezi ule. Alfajiri ya tarehe 30 Januari joto la mji huo lilishuka hadi nyuzi 33 za sentigredi chini ya sifuri. Sitajaribu kukueleza baridi hiyo. Itoshe kusema kwamba mtu hupumua akahisi manyoya ya puani yanaganda.

Siku yangu ya kwanza niliamka saa tano asubuhi kwa uchovu wa safari. Kaka alikwisha kwenda ghalani anakofanya kazi, na wifi, ambaye ni muuguzi, alikwisha kwenda hospitali. Nilimkuta Mama jikoni. Alikuwa ameketi mbele ya jiko la gesi, mlango wa oveni umeachwa wazi na moto unawaka, mtoto yu mgongoni amefungwa kwa khanga na blanketi juu yake, na yeye mwenyewe amevaa koti la kaka la kutokea nje.

“Mama, una homa?”

“Sina homa, mwanangu. Ndiyo baridi ya Marekani. Ukiizoea haikusumbui.”

Lakini usiku uliotangulia, katika nyumba ile ile, nilikuwa nimelala kwa shuka moja. Nikamwuliza kama kila siku huwa hivyo.

“Wakiwapo wao, nyumba ina joto. Wakiondoka, nalo huondoka. Joto la hapa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo anakaa ndani ya simu ya kaka yako.”

Nilizima oveni kwanza, kwa sababu jiko la gesi halikutengenezwa kwa kupasha nyumba, na kuliacha likiwaka hivyo ndani ya nyumba iliyofungwa kila upenyo huweza kujaza hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Kisha nikaenda kutazama ukutani. Palikuwa na kioo cha mviringo kinachong'aa, na ndani yake namba 60. Wamarekani hupima kwa Farenhaiti. Nyuzi 60 zao ni kama nyuzi 16 zetu.

Yafaa nieleze kidogo chombo hiki. Themostati haitoi joto. Joto hutoka katika tanuri la gesi lililomo katika chumba cha chini ya nyumba, na themostati kazi yake ni kuliamuru tanuri liwake au lizime. Unayo hata wewe nyumbani, ndani ya jokofu na ndani ya pasi yako ya umeme. Minneapolis yenyewe ina historia katika jambo hili. Mwaka 1885 mtu mmoja aitwaye Albert Butz alibuni huko mtambo wa kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa bila mtu kushuka chini, na katika kazi yake ndimo ilimochipuka kampuni ya Honeywell. Mwaka 1953 kampuni hiyo ilianza kuuza themostati ya mviringo iliyosambaa katika nyumba za Marekani. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Kwa kuwa metali hizo hazitanuki sawasawa, utepe hujikunja au kujikunjua joto linapobadilika, ukainamisha kichupa cha kioo chenye zebaki, na zebaki ikaunganisha au kukata umeme. Basi. Wewe huzungusha gurudumu tu.

Nyumba ya kaka ilikuwa na gurudumu hilo alipoinunua. Miezi michache kabla sijafika aliling'oa akaweka themostati janja, ile inayofungamana na intaneti na kuamriwa kwa simu. Haikuwa kazi nyepesi, kwa sababu chombo cha namna hiyo aghalabu huhitaji waya wa ziada wa kukipa umeme wakati wote, na nyumba nyingi za zamani hazina waya huo. Ilibidi aitwe fundi.

Jioni nilimsubiri kaka. Alinionyesha simu yake kwa furaha, kama mtu anavyoonyesha picha ya shamba lake.

“Tazama, mdogo wangu. Leo tumebana gesi kwa muda wa saa tisa.”

Saa hizo tisa ndizo zile ambazo Mama alikaa mbele ya oveni.

Tulipokaa na wifi kuchunguza, tuligundua jinsi mambo yalivyokuwa. Chombo kilipangwa kijue kama nyumbani yuko mtu kwa njia mbili: kwa kuangalia simu zilizosajiliwa ziko wapi, na kwa kihisi kinachoona mtu akipita mbele yake. Simu zilizosajiliwa zilikuwa mbili, ya kaka na ya wifi. Zote mbili zikiondoka, na ukumbini asipite mtu, chombo kiliamua kwamba nyumba ni tupu, kikapunguza joto. Mama alishinda jikoni na chumbani kwake na mtoto, ambako kihisi hakikumwona. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, isiyojua lolote la intaneti. Kwa muda wa miezi miwili nyumba ile ilihesabu simu, na bibi na mjukuu wake hawakuwamo katika hesabu.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Mimi pia nilimwuliza. Alijibu kwamba mgeni hapangi matumizi ya nyumba ya watu, hata ikiwa ya mwanawe, na kwamba aliwasikia usiku wakizungumzia bili. Na si kwamba Mama ni mtu asiyejua kitu. Alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima katika miaka ya 1970, na mpaka leo husoma gazeti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Lakini kioo kile kilimwandikia Kiingereza na nyuzi za Farenhaiti. Siku moja alikigusa, kikageuka rangi na kuuliza swali. Akadhani amekiharibu, asikiguse tena.

Kaka hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameingiwa na hofu ya bili, na hofu hiyo ina msingi. Alijitetea kwa takwimu. Serikali ya Marekani, kupitia alama yake ya Energy Star, inakadiria kwamba themostati janja iliyoidhinishwa hupunguza gharama za kupasha na kupoza nyumba kwa asilimia 8 hivi kwa wastani. Nikamwomba tupige hesabu: kama kupasha nyumba ni dola 100 kwa mwezi, asilimia 8 ni dola 8. Na nikamwuliza, je, katika dola hizo ni ngapi zinatokana na akili ya chombo, na ngapi zinatokana na mzee kukaa baridini? Wizara ya Nishati ya huko husema kwamba ukipunguza joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku waweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka, hata kwa mkono wako. Lakini ushauri huo unahusu saa ambazo watu wamelala au wametoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 za sentigredi kuwa kiwango cha chini cha nyumba salama wakati wa baridi, na kwamba wazee na watoto wachanga huenda wakahitaji zaidi. Sisi tulikuwa na mzee na mchanga katika nyuzi 16.

Kaka akapendekeza tumnunulie Mama simu janja na kuisajili. Nilimwambia, pengine kwa ukali kuliko ilivyompasa mdogo kusema na kaka yake, kwamba siafiki mama yangu abebe simu ili ahesabiwe kuwa mtu nyumbani. Na siku betri ikiisha atakuwa ametoweka tena. Wifi alicheka, kisha akakaa upande wangu.

Jumamosi tulikwenda dukani. Niliziona za aina tatu. Ya kwanza ya kawaida kabisa, yenye kitufe cha kupandisha na cha kushusha, kwa dola 30 hivi. Ya pili ya saa, unayoipangia joto la asubuhi, mchana na usiku kwa juma zima, kwa bei ya katikati. Ya tatu janja, ambayo baadhi zilizidi dola 200. Usidhani ya pili ndiyo jibu la busara kwa kuwa iko katikati. Mwishoni mwa mwaka 2009 Energy Star iliacha kuzipa alama yake, kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuonekana: watu wengi walikuwa hawazipangi ipasavyo. Kwa hiyo ujanja wa ile ya tatu una sababu, na mimi siubezi. Kwa vijana wawili wasio na mtoto, wanaotoka na kurudi saa zisizotabirika, ningeishauri bila kusita. Aidha, tanuri likizimika katika baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri wakati wenyewe hawapo, simu ikiwaarifu mapema itawaokoa na mabomba kuganda na kupasuka.

Lakini swali nililomwuliza muuzaji hakuwa na jibu lake: je, ni ipi ambayo mtu anayeshinda ndani anaweza kuiamuru bila kumpigia simu mtu aliyeko nje? Yaliyotokea baadaye yamenithibitishia kwamba halikuwa swali la kijinga. Tarehe 30 Agosti 2022, huko Colorado, wateja wapatao 22,000 wa kampuni ya umeme, waliojiunga kwa hiari na mpango wa kupewa punguzo, walijikuta hawawezi kubadilisha themostati zao wakati wa joto kali, maana kampuni ilikuwa imezishika. Na tarehe 25 Oktoba 2025 Google ilikatisha huduma kwa themostati za Nest za matoleo mawili ya kwanza, zilizoanza kuuzwa 2011. Zingali zinafanya kazi ukutani kwa mkono. Haziamriwi tena kwa simu.

Hatukununua kitu siku ile. Kaka alishuka katika chumba cha chini akarudi na boksi lenye lile gurudumu la zamani, ambalo hakulitupa kwa sababu zebaki haitupwi jalalani; hupelekwa mahali maalumu. Alikata umeme, akaunganisha nyaya mbili, akatumia pima maji kama fundi mwashi, kwa kuwa kichupa cha zebaki hudanganya kikikaa upande. Nilikata kipande cha plasta nyeupe nikakibandika penye namba 70, yaani nyuzi 21 zetu, nikaandika kwa kalamu: MAMA. Nyingine nikaibandika chini kidogo, nikaandika: USIKU.

Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta amelizungusha mwenyewe. Mtoto alikuwa sakafuni na fulana moja. Oveni ilikuwa na mkate.

Bili ya mwezi uliofuata ilipokuja nilikuwa nimekwisha rudi Dar es Salaam. Wifi alinisimulia kwa simu. Ilikuwa imezidi kwa dola 11. Kaka aliisoma mezani bila kusema neno. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa noti ya dola 20 niliyomwachia, akaisukuma mbele yake. Kaka aliirudisha. Mama akaisukuma tena. Wifi anasema noti ile ilikaa juu ya jokofu mpaka siku Mama aliporejea nyumbani.