Lancaster na Ramani ya Bonde

Aangaliaye ramani ya Bonde la Kilombero, akaufuata mto kwa kidole tangu Mnyera na Ruhudji zikutanapo hadi Ifakara, aghalabu hafikiri kwamba ramani za namna hiyo zina ujamaa na vita. Walakini ujamaa upo, tena wa karibu. Ramani za Tanganyika zilizochorwa baada ya Vita Kuu ya Pili zilitegemea sana picha zilizopigwa kutoka angani, na miongoni mwa eropleni zilizopiga picha Afrika ilikuwamo moja iliyoundwa ili kuchoma miji: Lancaster ya Waingereza.

Eropleni hiyo ilizaliwa na kushindwa. Roy Chadwick, mhandisi wa kampuni ya Avro, alikuwa ameunda Manchester, yenye injini mbili ambazo hazikuaminika zikiwa hewani. Akarefusha mabawa, akatia injini nne za Merlin, na tarehe 9 Januari 1941 Lancaster ya kwanza ikaruka. Jumla zikaundwa 7,377, wala hazikuwa za sura moja. Aina ya Pili ilitiwa injini za Bristol Hercules, kwa hofu kwamba Merlin zingeadimika; ya Tatu ikapewa Merlin zilizoundwa Marekani; ya Kumi ikaundwa Kanada. Nyingine zilikatwa tumbo zipate kubeba bomu moja la ratili 22,000. Vita vilipokwisha zikatokea za kuokoa watu baharini, na za kupiga picha. Wapenzi wa eropleni huzihesabu aina hizi kama mfugaji ahesabuye ng'ombe wake, na si vibaya. Ila ile ya kupiga picha huipita upesi, nayo ndiyo ituhusuyo Afrika.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni, chini ya Martin Hotine. Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga kikapewa kazi ya kupiga picha, na hadi mwaka 1952 kilikuwa kimepiga zaidi ya maili za mraba milioni moja za bara hili. Rubani alikwenda na kurudi kwa mistari iliyonyoka, kama mkulima alimaye matuta, na kila picha ilifunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Maana picha mbili za mahali pamoja, zikitazamwa kwa jicho hili na lile, huinua milima na kuchimba mabonde. Wingu dogo liliharibu kazi ya siku nzima. Kwa hiyo kiangazi kilipendwa.

Mojawapo ya Lancaster za kikosi hicho ilikuwa na namba PA474. Iliundwa mwaka 1945 ili kwenda kupigana na Japani, lakini vita vikaisha kabla haijakwenda. Ikavuliwa mizinga yake, ikaletwa kupima Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Leo ni mojawapo ya Lancaster mbili tu zirukazo duniani, na Waingereza huitazama kwa machozi kuwakumbuka vijana wao 55,573 wa vikosi vya mabomu waliokufa. Imerudishiwa mizinga. Ni haki yao kuwalilia wafu wao. Lakini ni ajabu kwamba kazi yenyewe iliyoifanya eropleni hii hutajwa kwa sentensi moja.

Haja ya kupima ilikuwa kubwa. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka pori kabla mvua na udongo havijajulikana, ukaanguka. Basi katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipochunguza bonde lote la Rufiji, na Kilombero ndani yake, lilipima maji na udongo kwa miaka kadhaa kwanza.

Hata hivyo, picha ya kiangazi ina hila yake. Mwezi wa Agosti bonde huonekana mbuga tupu, na mto uzi mwembamba. Mwezi wa Aprili mbuga hiyo hiyo ni ziwa, na Mndamba hupita kwa mtumbwi mahali ambapo ramani imeandika nyasi. Mashamba ya mpunga na kambi za wavuvi hufuata maji, huhama nayo. Jina lenyewe halikutulia: ramani za Wajerumani ziliuita mto huo Ulanga.

Haya si mambo ya kale. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar, hekta zipatazo laki nane. Mwaka 2012 wafugaji wengi wakaondolewa pamoja na mifugo yao. Mwaka 2023 sehemu yake ikatangazwa kuwa pori la akiba. Kila mara kulikuwa na mstari juu ya ramani, na mtu wa kuulizwa yuko upande gani wa mstari huo. Naye huweza kujibu kwa kuuliza mstari ulichorwa mwezi gani.