Mlo Usio na Nyama Katika Mji wa Yangon

Sisi watu wa Kenya tukilisikia jina la Burma hukumbuka mambo mawili: vita na nyama. Vita, kwa sababu askari wetu wa King's African Rifles walipigana huko katika miaka ya 1944 na 1945. Na nyama, kwa sababu soko la Nairobi lenye jina hilo hilo linasifika kwa nyama. Kwa hiyo wasomaji watastaajabu nikisema kwamba chakula nilichokula katika nchi yenyewe, ambacho sitakisahau, hakikuwa na hata kipande kimoja cha nyama.

Nalikwenda huko mwezi wa Agosti, mwaka 2018. Nchi hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1989 ikaitwa Myanmar, na mji wa Rangoon ukaitwa Yangon. Haja yangu ilikuwa kuyaona makaburi ya vita ya Taukkyan, yaliyo kaskazini ya mji. Babu yangu alikuwa askari katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, ikautwaa mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Babu alirudi salama, lakini rafiki yake hakurudi. Kati ya makaburi yale zimesimama nguzo nyingi za mawe zilizochorwa majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Jina la rafiki ya babu nikalitafuta, nikalipata, nikaligusa kwa kidole.

Tulipokuwa tukirudi mjini, dereva akaniuliza kama nina njaa. Nikamjibu kwamba ninayo, na kwamba kwetu watu wakimlilia maiti huchinja. Basi anipeleke penye nyama nzuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ako," yaani kaka, "miezi hii mimi sili nyama. Nitakupeleka, nami nitakungoja nje." Naliona haya kumwacha nje mtu aliyenichukua tangu alfajiri. Nikamwambia, "Twende mahali unapokula wewe."

Watu wa huko walio wengi ni wa dini ya Buddha. Siku nyingine hula nyama na samaki kama sisi, na hata mboga zao hutiwa ngapi, yaani samaki au kamba waliovundikwa kwa chumvi na kupondwa. Lakini katika miezi mitatu ya mvua, yapata Julai hata Oktoba, watawa hutulia katika nyumba zao za ibada bila kusafiri, na raia wengi huacha nyama. Chakula chao cha wakati huo huitwa thet-that-lut, maana yake kilichoepukana na kuua.

Hoteli yenyewe ilikuwa ndogo, yenye meza za mbao na viti vifupi. Juu ya kila meza palikuwa na birika la chai isiyotiwa sukari wala maziwa, nayo hailipiwi. Hatukukaa sana, vyakula vyote vikaletwa pamoja: wali katikati, na vibakuli vikiuzunguka kama watoto wanaomzunguka bibi yao. Dereva akachota wali wa kwanza akauweka katika sahani yangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake kwa umri, na ndiyo desturi yao.

Palikuwa na mchuzi wa majani machachu, na mboga mbichi za kuchovya. Palikuwa na vipande vya manjano vilivyokaangwa, ambavyo nalidhani ni mayai. Kumbe ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliopikwa kama uji mzito pamoja na manjano, ukaachwa ugande, kisha ukakatwa. Chakula hicho asili yake ni kwa Washan.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni lahpet. Ni majani machanga ya chai yaliyopikwa kwa mvuke, yakashindiliwa na kuachwa miezi kadhaa yachachuke, kisha yakachanganywa na karanga, ufuta, vitunguu saumu na maharagwe yaliyokaangwa. Sisi tunaolima chai Kericho na Limuru tumeinywa siku zote, hatukufikiri kuitafuna! Ladha yake ina uchungu, halafu uchachu, kisha ule ukavu wa chai hubaki ulimini. Husimuliwa kwamba zamani wafalme waliokuwa wakipigana, walipopatana walikula majani hayo pamoja.

Mwisho tukaletewa sukari guru itokayo katika mti wa jamii ya mvumo wetu. Hapo ndipo nikamwuliza dereva kwa nini anajinyima. Akasema kwamba tendo jema lina thawabu, nayo mtu aweza kuwagawia wafu. Yeye humgawia babu yake, aliyekuwa mtoto kijijini majeshi yalipopita. "Na leo," akasema, "nimewagawia na wale wa nguzoni."

Nalishindwa kumjibu. Nalikuwa nimefikiri kwamba msiba wa rafiki ya babu haujatimizwa, kwa kuwa hakuna aliyemchinjia. Kumbe ulitimizwa mezani pale, na mtu asiyelijua hata jina lake.

Ndugu wasomaji, siwashauri mwache nyama. Mimi mwenyewe ningali naila. Lakini niliporudi nyumbani wazee wakaniuliza kama marehemu alichinjiwa mnyama. Nikawaambia hapana, bali alifanyiwa karamu, na siku ile hapakuuawa kitu kwa ajili yake. Wakatafakari kitambo, kisha mkubwa wao akasema, "Basi na apumzike."