Njia Katikati ya Shamba la Mtu

Sheffield, Uingereza

 

Jumamosi kikundi chetu cha matembezi kilishinda njiani kwa miguu: Stoney Middleton, Eyam, Foolow, mpaka Tideswell, huku Derbyshire. Ardhi karibu yote ni mawe ya chokaa, mabaki ya viumbe wa bahari iliyokuwa hapa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni, kwetu Tanga, angeyatambua mawe hayo. Mvua ilitunyeshea, ila Waingereza mvua hawaihesabu.

Kabla ya Eyam kuna jiwe lenye mashimo. Mwaka 1665 tauni iliingia kijijini. Husemwa ilikuja na viroboto katika mtumba wa vitambaa kutoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akisaidiwa na kasisi wa zamani, Thomas Stanley, aliwaomba watu wasitoke, wasije wakaueneza ugonjwa. Wakakubali. Majirani waliwaachia chakula mpakani, na wanakijiji wakalipa kwa sarafu zilizowekwa katika mashimo ya jiwe lile, ndani ya siki. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake. Makaburi yako shambani, yamezungushiwa ukuta. Hapo hata wasemaji wetu walinyamaza.

Watu wa Eyam waliifunga njia kwa hiari. Sisi tuliipita kwa haki, na hilo ndilo ninalowaonea wivu wenyeji. Tulikatiza malisho ya watu, kondoo wakitukodolea macho, na hakuna aliyetufukuza. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza kaunti zichore ramani ya njia za miguu za umma. Njia ikishaingia humo, mwenye shamba auze au arithishe, haki ya wapitaji inabaki palepale. Wala haki ya kutembea haikuletwa na hisani: mwaka 1932 vijana wafanyakazi waliingia kwa makusudi, bila ruhusa, kwenye mlima wa Kinder Scout, na watano wakafungwa jela.

Kwetu njia ya kisimani ni ya mababu, lakini haijaandikwa popote. Mnunuzi anakuja, anazungusha senyenge, na kina mama wenye ndoo ndio wanaozunguka. Basi mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kujadili mpango wa matumizi ya ardhi, ndugu zangu, nendeni, na mdai njia za miguu zichorwe kwenye ramani kabla kiwanja kingine hakijauzwa.